Maswali yenu kuhusu mchoraji Augustus John

Augustus John alikuwa Mwingereza?

Alikuwa Mwelshi. Alizaliwa Januari 1878 Tenby, mji wa pwani kusini mwa Wales, na mwaka 1894 akaingia chuo cha sanaa cha Slade, London. Dada yake Gwen alimfuata hapo mwaka uliofuata, naye akawa mchoraji mkubwa.

Ni kweli kipaji kilimjia baada ya kugonga kichwa?

Kichwa aligonga kweli, alipopiga mbizi baharini Tenby mwaka 1897 akakuta mwamba. Lakini kufikia hapo alikuwa na miaka mitatu darasani kwa Henry Tonks, daktari wa upasuaji aliyegeukia sanaa na kuwafundisha vijana kuujua mwili kwa mstari. Inaniuma hadithi hiyo ikienezwa, maana inafuta jasho la mwalimu na la mwanafunzi.

Alichora watu gani maarufu?

Waandishi Thomas Hardy, Yeats, Bernard Shaw na Dylan Thomas, na mwanajeshi T. E. Lawrence. Mimi naipenda zaidi picha ya mpiga selo (fidla kubwa) Guilhermina Suggia akiwa na gauni jekundu, aliyoimaliza mwaka 1923.

Nimesikia tajiri mmoja aliikata picha yake. Ilikuwaje?

Ni Lord Leverhulme, mwenye sabuni ya Sunlight, ambaye kampuni yake ilikuwa ikivuna mawese Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1920 picha yake aliyochorwa na John haikuenea kwenye sefu, basi akakata kichwa akakihifadhi humo. Kiwiliwili kikarudishwa kwa mchoraji kwa makosa ya mtumishi. John aliwaka, magazeti yakaivalia njuga habari hiyo, na wasanii hadi Italia wakalalamika. Ninasimama na John. Kununua picha hakumpi mtu ruhusa ya kuichinja. Miaka mingi baadaye vipande viliunganishwa, na mshono bado unaonekana.

Mimi najifunza kuchora. Nianzie picha zake zipi?

Acha kwanza picha za rangi za mafuta. Nyingi za uzeeni zimefanywa kwa haraka. Tafuta michoro ya penseli na chaki ya mwanzoni mwa miaka ya 1900, hasa ya Dorelia, mwenzi wake. Fuata mstari mmoja kutoka begani hadi kiganjani: unakolea panapobeba uzito, unafifia panapoangukiwa na mwanga. Kisha uige, mara kumi, bila kufuta.