Usitie bisibisi kwenye mlango wa mashine ya kufulia kabla hujatoa maji

Dada, weka hiyo bisibisi chini. Nimesoma ulivyoeleza: uko hapa Malindi, stima ilipotea mashine ikiwa katikati ya kufua, ikarudi, na tangu asubuhi mlango umegoma kufunguka na sare za watoto ziko ndani. Shemeji yako amekwambia uchomeke bisibisi pembeni uubandue. Umeuliza pia kama ni heri uiuze ununue ile inayofunguliwa juu, na ni sabuni gani inayotoa povu kwenye maji ya kisima ya chumvi. Hayo mawili yasubiri siku nyingine. Kwanza chungulia kwenye kioo uniambie: unaona maji?

Kama unayaona, huenda huo mlango hauna ubovu wowote. Mashine ya mlango wa mbele ina kitu kinachopima maji mle ndani, na maadamu maji yapo haifungui, kwa sababu ikifungua yatakumwagikia miguuni. Mimi hili sikulijua, na aliyepaswa kunieleza hakunieleza.

Ilikuwa mkesha wa Idd. Mashine yangu ni mtumba, niliinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akihama mtaa wa Casuarina hapa Malindi, maandishi yake yote Kitaliano. Ndani mlikuwa na kanzu yangu, kanzu za vijana wangu wawili, na leso moja nyekundu ya mama yao iliyojificha kwenye shuka. Ikavuma, ikasimama, mlango ukagoma. Nikampigia fundi mmoja wa mafriji ambaye mtaa mzima unamsifu. Hakuniuliza kama kuna maji. Hakuniuliza kama nimechomoa plagi. Akasema, "Hizo zote ndivyo zilivyo. Tia bisibisi upande wa mpini, inua kwa nguvu, utasikia tak."

Nikasikia tak. Ilikuwa kulabu ya mlango inakatika. Ni kipande kidogo kilichopinda kama ndoana, ndicho kinachoingia kwenye tundu la kifuli. Nusu yake ilibaki ndani ya kifuli, na bisibisi ikateleza ikauchana ule mpira wa kijivu unaouzunguka mlango, mpasuko wa urefu wa kidole. Maji yakaja yote kwa mpigo, ya sabuni, yamegeuka mekundu kwa rangi ya leso, yakatambaa jikoni kuelekea ukumbini. Na ekstensheni ilikuwa sakafuni, plagi imo, swichi imewashwa. Kijana wangu mdogo akaja mbio, miguu mitupu, kutazama kuna nini. Nilimpigia kelele ambayo sijawahi kumpigia mtoto. Akasimama palepale kizingitini, maji yako karibu kuvigusa vidole vyake, akaanza kulia. Nikaruka nikaenda kuzima swichi kuu. Hadi leo nikivikumbuka vile vidole koo linanikauka.

Sasa hesabu. Mpira wa mlango shilingi 4,500, umeletwa na matatu kutoka Mombasa. Kifuli 3,000. Mpini na kulabu 1,800. Ufundi 2,500. Jumla 11,800, na mashine yenyewe niliinunua 15,000. Kanzu tatu zikawa za waridi, tukaswali Idd na za mwaka uliopita, ya mkubwa imemfika kwenye shavu la mguu. Nilipomrudia yule fundi aliniambia nilikosea namna ya kuinua. Namna ya kuinua! Mtu anamwambia mwenzake apambane na mashine iliyojaa maji, iliyo kwenye umeme wa volti 240, kisha anazungumzia mkono. Kama hujui, sema hujui. Hakuna atakayekukata ulimi. Na wale wa video za sekunde thelathini ni ndugu zake: mlango wanaoubandua pale hauna hata tone la maji ndani.

Unajua kilichokuwa kimeziba? Mchanga na sarafu ya shilingi 20. Basi. Sisi watu wa pwani tunafua mchanga kila wiki, watoto wanarudi ufuoni na mifuko imejaa. Mchanga unashuka mpaka kwenye chujio la pampu, sarafu inakaa juu yake, pampu haivuti, maji hayatoki, mlango haufunguki. Fundi wa pili alilitoa mbele yangu kwa dakika kumi, bila bisibisi.

Kwa hiyo maji kwanza, mlango baadaye. Chomoa plagi kutoka ukutani, usizime kitufe tu. Kama ulikuwa ukifua kwa maji ya moto, subiri yapoe, yanaunguza kweli. Kisha tazama chini mbele ya mashine, mara nyingi kona ya kulia, utaona kifuniko kidogo. Kifungue. Huenda kuna kimpira chembamba chenye kizibo: kivute, kielekeze kwenye sinia au bakuli la kina kifupi, uchuruzishe, uzibe, umwage, urudie. Itakuchosha, lakini usiache. Kama hakuna kimpira, nenda nyuma, chukua bomba la kutolea maji, lishushe mpaka sakafuni ndani ya beseni, huenda mengi yakateremka yenyewe. Yakishapungua ndipo ulegeze chujio, polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko, taulo likiwa chini, maana yaliyobaki yatatoka hapo. Lisafishe, kisha ingiza kidole uone kama mapanga ya pampu yanazunguka. Waya wa sidiria hupenda kujificha hapo.

Rudisha chujio, ulikaze sawasawa, chomeka plagi, uchague programu ya kutoa maji peke yake. Kwa mashine za Mtaliano kama yangu imeandikwa *scarico*. Ikimaliza usikimbilie mpini. Vifuli vingi vina kipande kinachopata moto mashine ikianza kufua, na hakiachii mpaka kipoe, dakika moja mbili, wakati mwingine tatu. Utasikia mlio mdogo. Vifuli vingine huachia kwa umeme tu, ndiyo maana stima ikipotea mlango hubaki umefungwa hata kama ndani ni pakavu, na ikirudi inabidi programu imalizike au uifute kwanza. Yako inaweza kuwa hivyo. Na kama kuna alama ya ufunguo au uso wa mtoto inawaka, huenda ni kufuli ya watoto, bonyeza kitufe chake sekunde chache.

Ikiwa maji yameisha kabisa na bado umegoma, chomoa plagi tena, uangalie karibu na chujio. Baadhi ya mashine zina kiutepe cha rangi ya chungwa au nyekundu cha kuvuta wakati wa dharura. Kivute taratibu kuelekea chini.

Hakuna kiutepe? Tafuta mshipi wa kuvulia, mwembamba na mgumu, pima moja inatosha. Upitishe kwenye ule mwanya kati ya mlango na bodi upande wa kulabu, ncha moja ibaki juu na nyingine chini, kisha vuta zote mbili kwako kuelekea kwenye bawaba, bila kushtua. Mshipi unaisukuma kulabu na mlango unaachia. Mashine ya jirani yangu, mvuvi, mpini wake ulikuwa umekatika, na hivyo ndivyo tulivyoifungua, ndani pakavu, plagi mkononi mwake.

Watakuja wengine hapa waseme "mimi nilibandua na ukafunguka." Hata anayeruka ukuta hufika ndani.

Chomoa plagi sasa hivi, uwatoe watoto jikoni, kisha uanze kuchuruzisha. Niandikie ukifika kwenye chujio uniambie umekuta nini.