Arobaini ya aliyekuwa akitupokea

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kikundi chetu cha wanawake wenye saratani ya matiti, hapa Dar es Salaam, kimempoteza mwenzetu aliyejitolea kwa miaka 11. Alikuwa akiwapokea wagonjwa kutoka mikoani, kwanza stendi ya Ubungo na baadaye Mbezi, akiwatafutia mahali pa kulala kwa wiki zote za kupigwa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road. Kila aliyeondolewa titi alimshonea kimto cha kuweka kwapani. Ugonjwa wake wa zamani ulimrudia, akafariki. Arobaini inakaribia, wengine wanataka fulana zenye picha yake, wengine wanataka lisomwe daftari lake lenye majina ya wote aliowahudumia. Sisi tulio kwenye matibabu tunaogopa hata kumtaja. Tufanyeje?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na daftari, kwa sababu hapo ndipo mnapoweza kumkosea marehemu bila kukusudia. Waliomo walimwambia yeye siri zao, hawakuuambia umma, na huenda wamo wanawake ambao hata wakwe zao hawajui kwamba waliondolewa titi. Lisisomwe hadharani, wala kurasa zake zisipigwe picha na kusambazwa kwenye simu. Mkabidhini mmoja mnayemwamini, awapigie waliomo, awape habari za msiba, na anayetaka kumsimulia marehemu aje aseme kwa kinywa chake.

Fulana si vibaya, mradi fedha zake zisitoke kwenye nauli za wagonjwa.

Kinachonigusa zaidi ni kazi yenyewe. Mwaka 1952, mjini New York, Terese Lasser aliondolewa titi, akakosa mtu wa kumweleza ataishije baada ya hapo. Alipopata nafuu akaanza kuwatembelea wodini wanawake waliopitia upasuaji kama wake, akiwachukulia mpira mdogo na kamba kwa mazoezi ya mkono, pamoja na titi la bandia la kuvaa ndani ya sidiria. Madaktari wengine hawakumtaka kabisa, lakini mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliichukua huduma hiyo, na Lasser alipofariki mwaka 1979 iliendelea bila yeye. Naamini iliendelea kwa sababu ilifundishika: mwanamke mwingine aliyepona aliweza kuubeba mpira uleule na kuketi kando ya kitanda kilekile.

Mwenzenu alizibeba peke yake kazi ambazo, kwa maoni yangu, zingetosha watu watatu, tena akiwa mtu aliyewahi kuugua. Mmoja wenu apokee wageni stendi, mwingine ashughulikie malazi, na wa tatu ashone. Wagawieni kazi hizo siku hiyohiyo ya arobaini, wakati watu wote wapo na machozi bado ni mabichi, kwa maana baada ya hapo kila mmoja atarudi kwenye shughuli zake.

Ama kuhusu hofu, msiwafiche walio kwenye matibabu kwamba ugonjwa ulimrudia, kwani wanajua, na ukimya huwaogopesha zaidi. Waambieni kwamba saratani ya matiti ina aina kadhaa na hugunduliwa katika hatua tofauti, hivyo yaliyompata mmoja hayatabiri yatakayompata mwingine. Mwenye uvimbe mpya au maumivu ya mifupa yasiyokoma amweleze daktari wake mapema, asingoje tarehe ya kliniki. Na asiyeweza kuja kwenye arobaini asilazimishwe wala asisemwe.

Wewe nawe, kama bado unacho kimto alichokushonea, nenda nacho siku hiyo. Kifumueni mshono mmoja mtazame alijaza pamba kiasi gani, mkilaze juu ya karatasi mchore ukingo wake, kisha mkishone tena urudi nacho nyumbani. Karatasi hiyo ibaki kwa mshonaji, pamoja na kipande cha kitenge cha kuanzia.