Metaboliti za damu na hatari ya kiharusi: nilipie kipimo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 58, na upande wa kulia umepooza mpaka leo. Mimi nina miaka 41. Mara ya mwisho presha yangu ilisoma 138/88. Nimesoma kwamba hatari ya kiharusi inaweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla, kwa kupima vitu vinavyoitwa metaboliti, na kwamba wenye histidini nyingi wana nafuu. Maabara moja imeniambia inaweza kutuma damu yangu nje ya nchi ikapimwe, kwa bei inayozidi mshahara wangu wa mwezi. Nipime? Na vidonge vya histidini vinasaidia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kumuuguza mama. Usilipe. Fedha hiyo ina kazi nyingine, nitaitaja. Ila ulichokisoma si uzushi, kwa hiyo ngoja nieleze kwa nini utafiti unaweza kuwa wa kweli na kipimo kisikufae wewe.

Metaboliti ni molekuli ndogo zinazotokea mwili unapovunja chakula, unapojenga na unapotupa taka zake. Sukari ya damu ni metaboliti. Kolesteroli nayo, na kreatinini tunayoipima kuangalia figo. Kwa hiyo huenda umeshapimwa bila kuambiwa jina hilo, na zile ambazo kinga ya kiharusi inazitegemea zaidi zinapimwa hapa hapa nchini. Kilicho kipya ni mashine zinazosoma mamia ya molekuli kwa mpigo mmoja kutoka kwenye damu kidogo.

Kuhusu histidini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 uliunganisha makundi saba, mengi yakiwa ya Ulaya: watu 38,797, metaboliti 147 kwa kila mmoja, kisha wakafuatiliwa. Waliopata kiharusi ni 1,791. Histidini ndiyo iliyojitokeza kwa nguvu zaidi: kila kiwango chake kilipopanda hatua moja ya kitakwimu, hatari ilishuka kwa karibu asilimia 10. Piruvati, inayotokea sukari inapovunjwa, na baadhi ya mafuta ya damu pia yalionyesha uhusiano.

Asilimia 10 inasikika kubwa. Ihesabu kwa vichwa vya watu. Katika makundi yale, kwa kila watu 1,000 kama 46 walipata kiharusi. Punguza asilimia 10, wanabaki 41 au 42. Kwa mtafiti anayetafuta njia ambazo ugonjwa unapitia, tofauti hiyo ni dalili nzuri ya kufuatilia. Kwako wewe mmoja haisemi kitu, kwa sababu wenye histidini nyingi na wenye histidini chache karibu wote hawakupata kiharusi.

Halafu kuna suala la chanzo na kiashiria, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu tumeshawahi kupita njia hii. Mwaka 1933 mtoto wa kiume wa miaka 8 alifariki Boston kwa kiharusi, mishipa yake ya shingo ikiwa imekakamaa na kuwa myembamba kama ya mzee. Zaidi ya miaka 30 baadaye, binti wa ukoo wake aligundulika kuwa na ugonjwa wa kurithi unaojaza mwilini metaboliti iitwayo homosisteini. Daktari Kilmer McCully aliuchunguza upya mkasa wa yule mtoto, akaulinganisha na wa mtoto mchanga mwenye tatizo la jamii hiyo, na mwaka 1969 akaandika kwamba homosisteini yenyewe inaharibu mishipa. Tafiti za baadaye zikaonyesha kweli: wenye homosisteini nyingi wanapata viharusi zaidi.

Dawa ya kuishusha ni rahisi mno: asidi ya foliki, vitamini B6 na B12. Basi wakajaribu. Utafiti wa mwaka 2004 uliwahusisha wagonjwa 3,680 waliokwisha kupata kiharusi, wengi wao Marekani na Kanada. Homosisteini ilishuka. Viharusi havikupungua. Lakini katika utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2015, watu 20,702 wenye presha waligawanywa: wote walipewa dawa ya presha, nusu wakaongezewa asidi ya foliki. Baada ya miaka kama minne na nusu, kiharusi cha kwanza kiliwapata asilimia 3.4 ya waliotumia dawa ya presha peke yake, na asilimia 2.7 ya walioongezewa. Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito zaidi ni kwamba Marekani unga tayari ulikuwa unawekewa foliki tangu 1998, wakati China haukuwekewa. Anayepungukiwa alifaidika, aliyeshiba hakuongezewa chochote. Metaboliti ile ile, kidonge kile kile, jibu tofauti kwa jinsi watu wanavyokula.

Ndiyo maana sikubali mizani iliyotengenezwa kwa damu ya Ulaya itumike Tanga bila kujaribiwa kwanza. Hata ndani ya nchi yetu hali hailingani: uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta viharusi vipya kama 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na kama 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Na sisi wa pwani tunakula samaki. Samaki wa baharini wana TMAO, metaboliti ambayo imehusishwa na magonjwa ya moyo na kiharusi. Ukipimwa asubuhi baada ya kula changu au kibua usiku, kipimo kinaweza kupanda, na kilichopanda ni kitoweo.

Tukiwa maabara kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Damu ikishaingia kwenye tyubu haijafa. Chembe nyekundu zinaendelea kula sukari: isipotenganishwa, sukari inashuka kwa kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, huku laktati ikipanda. Ndiyo sababu damu ya kupima sukari tunaiweka kwenye tyubu yenye kifuniko cha kijivu, ina floraidi ya kuzizuia. Sasa fikiria piruvati ya damu iliyokaa kaunta kusubiri bodaboda, kisha ndege. Uliza maabara hiyo: damu inazungushwa na kutenganishwa baada ya dakika ngapi, na inasafiri kwenye barafu ya nyuzi ngapi? Wasipojibu papo hapo, umepata jibu.

Kuhusu vidonge vya histidini, usinunue. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba kuviongeza kunazuia kiharusi. Maharage, samaki, kuku na mayai vina histidini ya kutosha.

Sasa fedha yako. Nunua mashine ya presha ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, yenye mkanda unaoenea mkono wako. Kaa dakika tano umeegemea kiti, miguu chini, mkono wazi mezani usawa wa moyo, usiongee. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba, andika zote, achana na za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani. Ukifika 135/85 au zaidi, hiyo ni presha na inahitaji daktari, hata kama kliniki ilisoma 138/88 wakakwambia bado. Nasisitiza hili kwa sababu kushusha namba ya juu ya presha kwa 10 kunapunguza viharusi kwa zaidi ya robo, na hakuna metaboliti iliyokaribia hapo. Kinachobaki kitumie kupima sukari, kolesteroli na kreatinini, na omba ECG kuangalia kama mapigo ya moyo yana mpangilio.

Tafuta pia majibu ya CT scan (picha ya ubongo) ya mama, kama alipigwa. Kiharusi cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka havifanani, na daktari wako atataka kujua kilikuwa kipi kabla ya kukushauri kuhusu aspirini. Usianze kuimeza mwenyewe.