Saa 48 kwa wiki: jibu kwa mdogo wangu

Mdogo wangu, juzi ulinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, sisi madaktari maintani huku Tanga tunakesha wodini mpaka miguu inavimba. Nasikia Uingereza daktari mwisho saa 48 kwa wiki. Mbona basi mama anasema hupokei simu?" Nakujibu bila kuficha.

Hizo 48 ni wastani. Mkataba wa 2016 wa madaktari wa ngazi yangu, walio bado mafunzoni, hapa England unaruhusu hadi saa 72 ndani ya siku saba. Zamu moja isizidi saa 13, na usiku mfululizo usizidi minne. Ni nafuu kuliko nilivyofanya intani nyumbani, hilo silikatai.

Kinachonimaliza ni usingizi kuvurugika. Naingia saa tatu usiku, natoka saa tatu na nusu asubuhi. Baada ya usiku wa nne napewa saa 46 za kupumzika, lakini nikilala mchana naamka kila saa moja nikidhani naitwa wodini. Mwili ukianza kuzoea, ratiba inanirudisha mchana. Hasira zimekuwa karibu, machozi nayo. Nilipokuwa intani, nilikuwa nikirudi nakuta uji kwenye chupa na mama ananiambia lala kwanza. Hapa nakuta sufuria nililoliacha juzi.

Mwezi uliopita, usiku wa tatu, yapata saa kumi alfajiri, nilimwandikia mzee mmoja digoksini, dawa ya moyo. Palipotakiwa mikrogramu 125 nikaandika miligramu. Yaani dozi mara elfu. Nesi alirudi na karatasi, akaweka kidole juu ya lile neno, akanitazama tu. Nilirekebisha, nikamshukuru, nikaenda chooni mikono ikitetemeka. Namwombea dua yule nesi mpaka leo.

Asubuhi ile ile nilisinzia kwenye taa za barabarani, nikiwa mimi ndiye ninayeendesha. Honi ya nyuma ndiyo iliyoniamsha. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekesha saa 24 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.10 kwenye damu. Hapa England ukikutwa na zaidi ya 0.08 unaendesha, ni kosa la jinai.

Baadaye mwenzangu ndiye aliyenieleza kuwa mkataba huo huo unasema ukichoka kiasi cha kushindwa kuendesha, hospitali ikutafutie pa kulala au usafiri wa kukufikisha nyumbani. Mara ya kwanza kuomba niliona haya, nikijiona mzembe. Sasa naomba. Ukija, uliza chumba hicho kiko wapi siku ya kwanza kabisa, kabla hujauliza kantini.

Na mama mwambie asinipigie mchana nikiwa kwenye zamu za usiku. Apige saa mbili usiku za huko. Ndipo naamka, na sauti yake nataka niisikie kabla sijaingia kazini.