Kununua Sarafu za Kale kwa Picha za Ukungu

Nianze na jambo linalonigombanisha na wakusanyaji wenzangu: picha mbaya hainitishi. Ikinijia picha safi mno, mwanga sawasawa pande zote, chini kitambaa cheusi, na bei ni nusu ya inavyouzwa kwengine, hapo ndipo mkono unaponisita. Mara nyingi picha ya namna hiyo imeokotwa kwenye tovuti ya mnada wa Ulaya, na anayeituma hajawahi kuishika sarafu yenyewe. Lakini ile ya ukungu, iliyopigwa barazani magharibi ikikaribia, na kidole cha mtu kimeingia pembeni, angalau inaonyesha kuwa kitu kipo na mwenyewe yupo. Kazi inayobaki ni kujua picha imeficha nini.

Sisi wa Lamu tununuao sarafu hununua kwa simu. Wauzaji wako Pate, Malindi, Mombasa, Unguja, mara nyengine India au Uingereza. Wengi si wafanyabiashara. Ni watu waliofungua kasha la bibi wakakuta mapeni. Mtu kama huyo ukimwambia "picha zako mbovu", amekwisha kukasirika na sarafu imekwenda kwa mwengine. Mimi hutoa salamu kwanza, nikauliza hali za nyumbani, ndipo nikasema: "Mama, niwekee juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, asubuhi. Taa ya simu izime. Piga moja imelala, kisha iinamishe kidogo upige tena." Picha hiyo ya kuinamisha ndiyo ninayoitaka hasa. Mwanga unaotoka ubavuni huibua mikwaruzo, na taa ya simu inayopiga usoni huifuta yote.

Kisha naomba picha ya ukingo, na nyengine sarafu ikiwa imelala ubavuni mwa rula. Halafu uzito. Sonara hakosekani katika miji yetu, na sonara hana kazi bila mizani. Kumwomba mtu apitie kwa sonara anapokwenda sokoni si kumsumbua, na ninapoona sarafu ina thamani, namtumia hela ya soda. Namba ya mizani haiingii ukungu. Rupia ya fedha ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile ya 1888 yenye neno Mombasa, ina gramu 11.66. Ikija na 9, hata picha iwe nzuri vipi, mazungumzo yameisha.

Reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mtawala wa Austria wa zamani, inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayouzwa sana pwani na ndiyo inayowapoteza watu. Zote zimeandikwa 1780. Mama huyo wa Austria alifariki mwaka huo, lakini biashara ya Bahari ya Shamu na pwani yetu iliizoea sura yake, kwa hiyo iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule: Vienna, na baadaye Roma, London, Paris hadi Bombay. Muuzaji akikwambia "angalia mwaka, ina zaidi ya miaka mia mbili", huenda ni mkweli wa nia tu. Kinachotenganisha ya zamani na ya juzi ni vitu vidogo, kama lulu za kishikizo begani na manyoya ya mkia wa tai, na hivyo havionekani kwenye picha ya ukungu. Basi mimi hulipa bei ya fedha iliyomo na si zaidi. Uzito wake ni gramu 28.07, kipenyo karibu milimita 40, na fedha safi humo ni kama gramu 23.4. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo. Ukija kugundua baadaye kwamba ni ya zamani kweli, hiyo ni bahati yako.

Na tazameni sana ukingo wa juu. Mabibi zetu walizivaa sarafu hizi. Zilitobolewa, zilitiwa kikuku cha kuning'inizia, zikawa vidani. Kikuku huondolewa, alama ya kuchomelewa hubaki, na ukimuona muuzaji kila picha ameikata sehemu ya juu, au kidole chake hakihami hapo, mwambie akitoe. Kwangu tundu si kasoro ya kukimbia. Nina moja iliyotobolewa ambayo siibadilishi na nzima. Ila bei ya tundu na bei ya nzima haziwezi kuwa moja.

Shilingi za Afrika Mashariki, zile za simba na milima, zina mtego mwengine. Tangu 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Picha ikificha mwaka, soma maandishi ya upande wa kichwa. Ukiona INDIAE IMPERATOR, mfalme wa Uingereza bado anajiita mtawala wa India, basi ni zile za fedha. India ilipojitawala 1947 maneno hayo yaliondolewa, na fedha nayo ikawa imeondoka. Herufi chache tu zikisomeka, jibu umelipata.

Senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane nayo huletwa kwa bei ya ajabu, eti mfalme alijiuzulu mwaka huo huo. Ni kweli alijiuzulu. Lakini sarafu hizo za tundu zilipigwa kwa wingi, na hata sura yake hazina. Hapo sihangaiki na picha, nahangaika na bei.

Kwa za shaba, kama pesa ya Mombasa ya 1888, kijisarafu cha shaba chenye picha ya mizani, ogopa mng'aro. Kuna watu husugua kwa ndimu na jivu, au kwa ukwaju, mpaka sarafu ing'are kama sinia la Idi. Shaba ya zaidi ya miaka mia moja haiwi na rangi ya waridi. Picha mbaya huifanya rangi hiyo ionekane kahawia, kwa hiyo huuliza waziwazi: "Imeoshwa?" Nyumba nyingi za pwani huona kuosha ni heshima kwa mgeni, wala hawakufichi. Wanakujibu kwa fahari.

Kabla ya kutuma M-Pesa naomba picha ya mwisho: sarafu juu ya karatasi iliyoandikwa jina langu na tarehe ya leo kwa mkono. Mwenye nayo humaliza dakika mbili. Asiye nayo huanza kunieleza habari za mgonjwa hospitali.

Jengine ni la sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Pesa ya 1888 imo. Na mtu akikuletea kijisarafu cha fedha "kilichookotwa Shanga", kwenye magofu ya kisiwa cha Pate, au cha Kichina chenye tundu la mraba "kutoka Manda", kisiwa jirani yetu, achana nacho. Ya Manda iliyotangazwa 2013, ya enzi za mfalme Yongle, ilichimbwa na watafiti. Nyingi zinazopita kwenye simu ni nakala za dukani, na iliyo ya kweli mahali pake ni makumbusho.

Kifurushi kikishuka Mokowe, gati ya upande wa bara, sikifungui kwenye boti. Nafungua nyumbani, simu inarekodi bila kukatiza, tangu gundi haijaguswa mpaka sarafu imekaa juu ya mizani. Ikitoka kwenye plastiki laini iliyoacha utando wa kijani, naihamishia kwenye bahasha ya karatasi siku ile ile, maana plastiki hiyo huila shaba, na kwa joto letu na hewa ya chumvi haichukui muda.