Wanaoanza kunyanyua vyuma: maswali yenu ya wiki hii

Nimelipia jimu mwezi mzima na nimekwenda mara mbili tu. Zote nimeishia kwenye mashine ya kukimbilia, maana kule kwenye vyuma sijui pa kuanzia, na wale waliojazia naona wananitazama. Nianzie wapi?

Hawakutazami. Mtu aliyetoka kumaliza seti nzito, yaani kurudia zoezi moja mara kadhaa mfululizo, hukodoa macho popote huku akitafuta pumzi, na siku hiyo ulisimama mbele yake.

Pa kuanzia ni hapa: mwili una kazi kubwa chache tu, nazo ni kuchuchumaa na kuinuka, kuinama na kuokota, kusukuma, na kuvuta. Chukua zoezi moja kwa kila kazi. Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, ukiwa umekumbatia dambeli moja (kile chuma kifupi cha mkono) kifuani. Kuinama kwa nyonga, mgongo umenyooka, ukishusha dambeli mbili hadi chini kidogo ya magoti na kurudi juu. Kulala chali kwenye benchi na kusukuma dambeli juu. Kukaa na kuvuta kebo kuelekea tumboni. Fanya kila moja seti mbili au tatu, mara 8 hadi 12 kwa seti, na upumzike kama dakika mbili katikati. Nenda siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Zile mashine nyingine 30 ziache kwanza, hazikimbii.

Uzito gani? Ule ambao ukimaliza mara ya 10 unaona kabisa kwamba ungeweza mbili au tatu zaidi bila kupinda mgongo. Ukiona haya kwa wepesi wake, huenda ndio wenyewe. Na ukishika kile chuma kirefu, kumbuka kwamba cha kawaida kina kilo 20 kabla hujatia kisahani hata kimoja. Wageni wengi husahau kukihesabu, kisha hushangaa kwa nini "kilo kumi tu" zimewaelemea.

Halafu nunua daftari. Andika zoezi, uzito, na idadi. Siku utakayofikisha 12 kwenye seti zote bila kuyumba, ongeza kilo moja au mbili, urudi kwenye 8, uanze kupanda tena. Programu nyingi za bei mbaya ni hiyo hiyo imevalishwa suti. Wiki za mwanzo nguvu itapanda haraka kuliko misuli, kwa sababu neva ndizo zinazojifunza kwanza jinsi ya kuiamrisha misuli uliyo nayo tayari. Kwa hiyo usijipime mkono kwa futi wiki ya tatu, utajivunja moyo bure.

Mimi ni mwanamke. Nataka nguvu lakini sitaki kuwa na mabega kama ya mwanaume. Nitumie vyuma vyepesi tu?

Dada yangu, kuna wanaume wanaohangaika miaka mitano kupata hayo mabega, na wangeshukuru sana kama yangekuja kwa bahati mbaya. Homoni ya testosteroni, inayosaidia sana kujenga misuli, kwa mwanamke ni kidogo mno ukilinganisha na mwanaume. Wale wanawake uliowaona picha zao wamefanya kazi hiyo kwa miaka, kwa kusudi, na chakula chao kimepimwa. Nyanyua uzito unaokupa kazi. Ukikuta mwili umefika unapopenda, hakuna anayekulazimisha kuongeza.

Nilifanya skwati juzi na leo hata kukaa chooni ni vita. Nimejiumiza? Na nikienda kesho nitaharibu?

Pole. Mapaja yote mawili yanauma sawasawa, yakishikwa yanalia, ukitembea kidogo yanalegea? Hayo ni maumivu ya kawaida ya misuli isiyozoea. Huanza siku inayofuata na hukaza zaidi siku ya pili au ya tatu. Yule anayekwambia ni asidi ya laktiki imeganda kwenye misuli hajui: asidi hiyo huondoka saa moja hivi baada ya mazoezi. Kesho nenda, fanya mepesi au fanya ya mikono. Wiki ya pili yatauma kidogo, ya tatu utasahau.

Mambo mawili hayana mzaha. La kwanza ni maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, upande mmoja, yanayokuja katikati ya zoezi: acha hapo hapo. La pili ni mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi, huku misuli imevimba na haina nguvu. Hiyo ni misuli inayobomoka na kumwaga uchafu wake kwenye figo, na mtu huenda hospitali siku hiyo hiyo, hasubiri kesho. Humpata zaidi aliyefanya mara mia mbili siku ya kwanza kwa kushindana na rafiki.

Nataka kuondoa kitambi. Napiga tizi la tumbo mara 200 kila asubuhi lakini wapi.

Misuli ya tumbo itakuwa imara, ila mafuta yaliyo juu yake hayana habari nayo. Mwili huchota mafuta unakotaka wenyewe. Punguza unachokula, fanya yale mazoezi manne niliyoyataja mwanzo, na asubuhi hizo zitumie kulala.

Poda ya protini ni lazima?

Hapana, ni chakula kilichosagwa. Anayejenga misuli inamtosha takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Ukizipata kwenye mayai, samaki, nyama, maziwa na maharagwe, umemaliza. Ukishindwa, poda itaziba pengo.

Nikiwa peke yangu kwenye benchi naogopa chuma kitanilalia kifuani.

Ogopa. Mimi kilinilalia. Nilikuwa nimeongeza visahani viwili kwa sababu ya kuonekana, mara ya sita kikashuka na hakikupanda. Nilikiviringisha kutoka kifuani, nikapita tumboni nikigugumia, hadi mapajani, nikakaa nacho kama mtu aliyepakata mtoto mzito. Jimu nzima ikajifanya haijaona.

Weka benchi ndani ya fremu yenye vile vyuma vya kudakia vya pembeni, uvipandishe viwe chini kidogo ya usawa wa kifua chako, kisha jaribu na chuma kitupu uone kama kweli vinadaka. Dole gumba lizunguke chuma, lisikae upande mmoja na vidole vingine. Hakuna fremu? Tumia dambeli, au mwombe mtu asimame nyuma ya kichwa chako na umwambie kabla unakusudia mara ngapi.

Nina miaka 58 na presha, natumia dawa. Nimechelewa?

Shikamoo mzee wangu. Hujachelewa, misuli ya umri wako bado hukua ikipewa kazi, na isipopewa hupungua kila mwaka. Muulize kwanza daktari wako kama presha imetulia. Akikubali, sheria yako kubwa ni pumzi: itoe unapoinua, ivute unaposhusha, usiibane kamwe, maana kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha presha ghafla. Usifanye seti hadi ushindwe. Ukilala kwenye benchi, inuka taratibu, dawa za presha zinaweza kukupa kizunguzungu.

Anza na kiti kilichoegemezwa ukutani. Kaa, nyayo zikanyage zote, kunja mikono kifuani, inama mbele kidogo, simama huku ukitoa pumzi. Kisha kaa kwa kuhesabu hadi tatu, usijibwage. Ukihitaji mikono mwanzoni, itumie. Siku utakayosimama mara 12 bila kugusa chochote, kumbatia dambeli ya kilo mbili na uanze tena na 8.