Panga kikao kwa saa ya mama wa omena

Kikao changu cha kwanza kuhusu mgogoro wa Ziwa Victoria nilikiandaa katika ukumbi wa hoteli mjini Kisumu, Jumatano saa nne asubuhi. Barua nilikuwa nimezituma mapema, simu nimepiga, chai na mandazi ya watu 45 nimeagiza. Walifika 19. Wenye vizimba vya samaki walikuwapo, maafisa wa uvuvi walikuwapo, mwenyekiti wa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, alikuja na katibu wake. Mama wa omena, yaani muuza dagaa wa ziwani, alikuwa mmoja tu. Alikaa kiti cha karibu na mlango, macho dirishani, na ilipofika saa tano na nusu akajifunga leso vizuri, akatoka. Nilimfuata nje nikamwuliza kama kuna neno lililomuudhi.

"Hapana, mwanangu," akaniambia. "Omena yangu iko nje na mvua inakuja."

Tangu siku hiyo nimeongoza vikao vingi, Kisumu, Homa Bay, Busia na kwetu Nakuru, na kila ninapoketi kupanga kingine namkumbuka mama yule kabla sijashika kalamu. Swali langu la kwanza si nani aalikwe. Ni nani kati ya hawa atapoteza chakula cha jioni akija kunisikiliza. Nikishampata huyo, saa yake ndiyo inayokuwa saa ya kikao. Mwenye mshahara anaweza kufika wakati wowote, maana kikao ni sehemu ya kazi yake.

Niseme kidogo kuhusu mgogoro wenyewe. Sehemu ya Kenya katika Ziwa Victoria ni takriban asilimia 6 tu, na katika Ghuba ya Winam kila mtu anahitaji maji yale yale. Mvuvi anatega nyavu, boti za omena zinatoka usiku na taa, gugumaji linasukumwa na upepo huku na kule, na miaka hii vizimba vya kufugia ngege (tilapia) vimeongezeka sana. Mvuvi anasema vizimba vimefunga njia na nyavu zake zinanasa humo gizani. Mwenye kizimba anasema anaibiwa samaki usiku. Kisha mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba wakafa kwa wingi upande wetu, wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni majini, lakini ufuoni watu walikuwa tayari wanatazamana kwa jicho baya.

Baada ya kikao kile cha hotelini nilianza upya katika ufuo mmoja upande wa Seme, na safari hii nilianza kwa kujifunza kalenda ya watu. Omena hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mwanga wa angani, na boti nyingi hupumzika. Basi wiki ya mwezi mpevu ndiyo wiki ambayo wavuvi wako nyumbani, na wanawake hawana mzigo mpya wa kuanika. Tuliweka kikao siku mbili baada ya mwezi kukamilika, saa nane mchana, chini ya mti ulio karibu na banda la kupimia samaki. Hakuna aliyehitaji kupanda matatu. Vilevile nilijifunza kuepuka kipindi cha Aprili hadi Julai, wakati uvuvi wa omena unapofungwa. Wengi huwa wameondoka kutafuta vibarua, na ukiamua jambo wakiwa hawapo, wakirudi Agosti utalianza upya, tena kwa hasira.

Kabla ya siku yenyewe nilitumia wiki tatu nikizunguka kwa kila kundi peke yake. Ukiwa na pesa kidogo na muda mdogo, punguza chakula, punguza mabango, lakini hii mizunguko usiiguse. Nilikuwa nauliza mambo mawili: kitu gani huwezi kukubali kukipoteza, na unaogopa mwenzako atasema nini mbele za watu. Mwenye vizimba mmoja, ambaye ufuoni alijulikana kama mtu wa kiburi, aliniambia kwamba amekopa, na kwamba usiku hapati usingizi akisikia injini ya boti. Vijana wa nyavu nao hawakuwa na shida na vizimba vyote. Walikuwa na shida na vile vinne vilivyosogezwa bila mtu kuwaambia. Mambo kama hayo hayasemwi mara ya kwanza mbele ya watu sitini. Yanasemwa ukiwa umekaa juu ya boti iliyopinduliwa, hakuna anayeandika.

Na kuna mambo ambayo hayatasemwa kamwe mbele ya kundi lote, hata upange viti vipi. Kila mtu wa ziwani anajua neno jaboya, yaani mwanamke kudaiwa mwili wake ndipo apewe samaki wa kuuza. Sikutaka kulileta hadharani kwa niaba ya wengine. Nilimwomba mwenzangu wa kike aketi na akina mama peke yao, mimi nikabaki mbali kabisa, na wao wenyewe wakachagua cha kutoa nje na cha kubaki kwao. Walichotoa kilikuwa ombi fupi: boti ikifika, bei ya karai itangazwe kwa sauti kabla mzigo haujateremshwa, na foleni iwe ya kujiandikisha. Mwanamume asiyejua angedhani ni ombi la biashara tu. Wenye boti walilielewa vizuri, na hawakulipinga.

Wakubwa nao wanahitaji adabu yao. Nilimwendea chifu ofisini kwake kabla ya kwenda popote, nikamweleza kila kitu, nikamwomba siku ya kikao asikilize kwanza halafu afunge. Maafisa wa kaunti niliwaomba vivyo hivyo. Ukimpa mkubwa kipaza sauti saa nane, ikifika saa tisa na nusu bado anasalimia waheshimiwa, na mama wa omena ameshaondoka.

Kuhusu lugha, mimi ni mzaliwa wa Nakuru na Kijaluo changu ni cha sokoni. Hotelini tulizungumza Kiingereza na Kiswahili, na tafsiri ikawa inanong'onezwa kwa wavuvi waliokaa nyuma. Ufuoni tuligeuza. Watu walisema Kijaluo kwa raha yao, na wanaonong'onezewa wakawa maafisa na mimi. Kikao kilichukua muda mrefu zaidi, na wazee wawili ambao katika kikao cha mjini hawakufungua mdomo walizungumza karibu robo saa kila mmoja. Mzigo wa kusubiri tafsiri mpe anayelipwa kuwa pale.

Kulikuwa na ramani niliyokuja nayo, imechapishwa vizuri kwa rangi. Haikutusaidia kitu. Maji ya ziwa yalipanda kupita kiasi mwaka 2020 na sehemu ya kuegesha boti ilikuwa imehama, kwa hiyo ramani ilionyesha ufuo ambao haukuwapo tena. Kijana mmoja akaikunja taratibu akanirudishia, kisha akachukua kijiti akachora ghuba yao mchangani. Mawe yakawa vizimba. Vipande vya kamba vikawa nyavu. Mzee mmoja aliinama kwa shida, akasogeza jiwe moja kama shubiri mbili kuelekea kulia, akasema hapo ndipo kizimba kilipo kweli. Mwenye kizimba akasema hapana. Nikamwuliza, "Jaduong' (mzee), umejuaje?" Akaweka kiganja juu ya kamba, akaivuta polepole kutoka nchi kavu kuelekea majini, jinsi upepo wa usiku unavyovuma, na ile kamba ikaenda ikajizungusha kwenye jiwe. Watu wakanyamaza. Mwenye kizimba alilitazama lile jiwe kwa muda, halafu akauliza kama njia ingeweza kupita upande wa pili. Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza aliloelekeza kwa wavuvi badala ya kwangu.

Sasa suala la karatasi ya mahudhurio, ambalo waandaaji wengi hulichukua kijuujuu. Katiba yetu ya 2010 inataja ushirikishaji wa wananchi katika kifungu cha 10, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liuwezeshe. Ni haki kubwa, lakini imezaa tabia mbaya. Majina yaliyosainiwa kwa ajili ya soda huja kuonyeshwa baadaye kama ushahidi kwamba watu waliafiki. Watu wa ufuo ule walishawahi kufanyiwa hivyo na mradi mmoja, na karatasi yangu ilipopita wengi waliipitisha bila kuigusa. Walikuwa na haki. Niliichukua nikaandika juu kabisa kwa herufi kubwa, kwa Kijaluo nilichosaidiwa kutafsiri, kwamba kusaini ni kuonyesha ulifika tu, si kukubali neno lolote. Mama mmoja akaisoma kwa sauti, akasaini, akampa jirani yake. Makubaliano tuliyaandika kwenye karatasi nyingine, yakasomwa mara mbili.

Nauli iwe sawa kwa wote, kiasi kijulikane kabla, na itumwe kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Ukiwapa maafisa posho kubwa kwa siri, kabla ya jioni ufuo mzima utajua.

Tulikubaliana mambo matatu: njia ya boti ipite kaskazini ya vile vizimba vinne, kila kizimba kiwekewe taa usiku, na bei ya karai itangazwe. Hatukukubaliana kama vizimba vipya viruhusiwe. Nililiandika hilo pia, hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu kikao kinachodai kumaliza kila kitu hakiaminiki, na watu wanahitaji kuona kwamba neno lao gumu halikufutwa. Ukurasa mmoja ukabandikwa kwenye banda la kupimia.

Nilirudi mwezi mpevu uliofuata, kama nilivyoahidi. Jioni tulisimama ufuoni na vijana wa nyavu, tukihesabu taa kule majini kadiri giza lilivyoingia. Tatu zilikuwa zinawaka. Ya nne haikuwapo, na mwenye kizimba hicho alikuwa amesimama pale pale nasi, kwa hiyo kikao cha pili tukakianza na hiyo.